Shingo Upande

Daktari Gintautas aliwasha taa nyuma ya picha
na pingili zangu zikajitokeza, nyeupe,
kama vikombe vilivyopangwa na mlevi.
"Hapa," akasema, akigusa kwa ncha ya kalamu,
"kati ya tano na sita. Diski imefura, inakanyaga neva."
Watapita mbele, kooni, si nyuma.
Watatoa kilichochakaa, watatia kipande cha titani,
skrubu nne.
Alisema skrubu nne kama fundi wa makabati.

Miaka ishirini na mbili, bandarini Klaipėda,
nimekaa ndani ya kibanda cha kioo, mita arobaini juu,
nikitazama chini kati ya magoti yangu.
Watu hudhani mwendesha kreni huona mbali.
Mimi nimeona migongo ya makontena
na kofia za wenzangu, za njano, ndogo kama vifungo.
Shingo ilijifunza kuinama. Kuinuka imesahau.

Nimeuliza. Kila niliyemuuliza ana jibu lake.
Stasys alipasuliwa mwaka jana:
sasa hugeuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa,
ila analala usiku kucha, anakoroma,
mkewe analalamika kwa furaha.
Genovaitė wa ghalani alikikataa kisu.
Akanunua mto wa bei ya baiskeli, akakandwa, akachomwa sindano;
leo binti yake ndiye anayemfunga vifungo vya koti.
Na yupo yule wa gati la saba, aliyeamka na sauti ya mkwaruzo,
hata mbwa wake akiitwa anasita kwanza.

Danguolė, mke wangu, hasemi ndiyo wala la.
Ananisugua kwa mafuta ya kafuri;
kidole gumba chake kinapajua mahali kuliko picha.
"Una shingo ngumu," ananiambia,
tunacheka wote, mimi kwa uangalifu.

Fomu iko chini ya kopo la sukari tangu Jumatatu.
Kabla ya kukatwa, sharti nikate shauri,
na shauri ni gumu kuliko nyama.
Maumivu nayajua: yana saa zake,
yana upande wake wa kitanda,
mpangaji mbaya niliyekwisha kuzoea kikohozi chake.
Kisu sikijui. Nusu kaputi siijui.
Nani atanishikia pumzi zangu nikiwa sipo?

Alhamisi, theluji ikianguka mshazari,
nilikuwa nateremsha kontena la tani ishirini na nane.
Nikautazama mkono wangu wa kulia juu ya wenzo
na sikuuhisi.
Ulikuwa pale, kama glavu iliyosahauliwa na mtu.
Wenzo ulikuwa umesogea, upana wa ukucha tu;
kontena likayumba.
Chini yake Kęstas, kijana wa mwezi wa pili kazini,
akainua kichwa (shingo changa, inainuka tu, haiulizi)
akanionyesha dole gumba.
Alidhani nimefanya makusudi.

Nilimalizia kwa mkono wa kushoto.
Nikashuka ngazi mia moja na themanini, nikizihesabu.
Nyumbani sikuvua hata buti.
Nikainua kopo, sukari ikamwagika,
nikaandika jina langu kwa vidole visivyoisikia kalamu;
herufi zikaenda zikiinama.

Wakiniuliza hospitali kama nimeridhia,
nitawaambia ndiyo, shingo upande.
Watazame wenyewe.