Mizani ya Bafuni

Miaka tisa tulikaa juu ya karakana ya matairi
mjini Cēsis, ambako theluji huondoka mwezi wa nne shingo upande,
mimi na Modris, na harufu ya mpira ulioungua
ikipenya mbao za sakafu hadi ndani ya supu.

Tuliunda gemu ya pikipiki za kigari,
zile za matope, magurudumu matatu, watu wawili:
mmoja kashika usukani; wa pili huitwa abiria
lakini hakai. Hana kiti.
Ananing'inia nje, makalio shibiri moja juu ya changarawe,
akiivuta mashine irudi duniani.

Ili kumpima huyo tulinunua mizani nne za bafuni,
tukazipigilia kwenye ubao. Unasimama, unaegemea, kompyuta inajua.
Ukichelewa, mnapinduka.
Ukiwahi, mnapinduka.
Mwaka wa kwanza gemu nzima ilikuwa kupinduka.

Wachezaji mia mbili na kumi na wawili. Niliwajua kwa majina.
Ndugu wawili wa Lommel waliotumia mizani ya buchani kwao.
Mjane wa Kuldīga na mkwewe,
wasiosemezana ila ndani ya kona.

Ndipo akaja Torkel, wa kampuni moja ya Malmö,
viatu vyeupe kwenye ngazi yetu yenye grisi.
Alicheza dakika kumi na moja, akapinduka mara kumi na tisa,
akacheka hadi machozi; hilo simnyimi.
Kisha akafuta miwani.
"Nani ana rafiki saa nane ya usiku?
Nani ana mizani nne?
Wapeni kitufe. Kidole kimoja kinatosha."

Nilitaka kumwambia kidole kimoja hakivunji chawa,
lakini kodi ya chumba ilikuwa imelala miezi mitatu,
na chawa wetu walishatuzoea.

Modris alishuka kuvuta sigara katikati ya matairi.
Aliporudi alipanda ubaoni, akakaza kamba za viatu.
"Nirekodi," akasema.
"Kama lazima wapewe mtu wa uongo, basi awe mimi."

Majuma sita. Kona elfu nne.
Nyonga ya kushoto, aliyoivunja Stelpe, ililia kama bawaba.
Mimi niliandika namba, na namba zikamsengenya:
kabla ya kila mruko mizani ilitikisika kidogo,
gramu mia mbili hivi,
mahali ambapo mtu humeza mate.

Mwezi wa tisa tukaifungulia dunia.
Usiku wa kwanza, watu elfu kumi na nne.
Nilihesabu kama mwenye sufuria moja
anavyohesabu wageni mlangoni.
Walilalamikia menyu. Walilalamikia rangi ya matope.
Mmoja akambatiza abiria jina la Gunia, nalo likashika.
Thelathini wa zamani wakaondoka bila kwaheri.
Mjane wa Kuldīga alibaki,
akaandika tu kwamba kitufe hakinuki jasho.

Sasa dereva wa lori kule Saskatoon, amelala kwa soksi motelini,
anabonyeza kwa gumba,
na Modris anaegemea.
Msichana wa Kaohsiung, kitabu cha hesabu kikiwa wazi pajani,
anabonyeza,
na Modris anaegemea,
mara elfu kwa saa, nyonga haimuumi.

Yeye mwenyewe hukaa nyuma yangu jioni, mto kiunoni,
akitazama mbio za watu asiowajua.
"Pale nimechelewa," husema. "Kona ya tatu,
ile inayofanana na Stelpe. Rekebisha."
Namjibu nitarekebisha.

Sirekebishi.
Mstari ule umepungua mizani, nauacha guni:
robo ya sekunde ambayo umati mzima
unambonyeza, unambonyeza,
naye bado anakumbuka.