Pasi ya Makala

Oktoba, Katuba. Saa sita bado
na malata ya paa yameanza kulia,
ta, ta, ta, kama mtu anayehesabu deni.
Mimi ni fundi wa kupiga pasi.
Joto ndiyo kazi yangu, nalijua kwa jina:
joto la makala ya miombo, jekundu, tulivu,
ukilipuliza linaitika.
Hili la mwaka huu halijanisalimia.

Umeme umekatika tangu Jumanne.
Mama Kabulo, muuza barafu,
anauza maji ya vuguvugu kwenye vifuko.
"Nunua kumbukumbu," ananiambia,
wala hacheki.

Mumewe, Monga, yuko kwenye tanuru la shaba.
Zamani akimaliza zamu alisimama mlangoni
upepo ukamfuta jasho.
Siku hizi, anasema, natoka ndani
naingia ndani.

Mwezi wa saba, sisi tukiwa na masweta,
Ngalula alipiga simu kutoka Marseille.
Huko anaosha wazee katika nyumba ya wazee.
Wiki ile walifumba macho ya watu saba.
"Madirisha yao yalijengwa kwa ajili ya baridi, kaka.
Mmoja nilimkuta ameshika feni iliyozimika
kama ameshika mkono wa mtu."
Nilicheka kidogo, Mungu anisamehe.
Nilidhani joto ni letu,
kama bukari, kama vumbi jekundu la barabara hii.
Kumbe linasafiri.
Ngalula alingoja viza miaka minne;
lenyewe halikuulizwa hata jina.

Leo Numbi ameniletea suruali nyeusi nne.
Msiba ni wa mama yake:
alijilaza mchana, chini ya malata,
hakuamka.
Daktari ameandika: moyo.
Hakuandika: Oktoba.

Nafungua pasi, naongeza makala.
Na kabla hujanilaumu, najua:
gunia hili lilikuwa kivuli.
Lilikuwa na ndege, na uyoga chini yake
msimu wa mvua. Nimelinunua kwa bei ya kubembeleza
nami nina watoto watano.

Nakandamiza mstari wa suruali, unyooke,
marehemu alipenda watu nadhifu.
Jasho linanidondoka kwenye kitambaa,
pasi inalikausha kabla sijaliona:
tss.
Ndiyo mvua tuliyoipata wiki hii.

Numbi anauliza nitamaliza lini.
Jioni, namwambia, kukipoa.
Kisha tunanyamaza wote wawili,
tukitazama juu.