Kabla ya Kuziba Ufa

Nyumba tuliyotumwa kuipima iko Ng'ambo, Tabora:
kuta za udongo, unene wa mkono wangu mpaka kwapani,
mlango wa mninga, na ufa
ulioanzia kizingitini ukapanda
kama mtu anayejua aendako.

Barua ya ofisi ilisema: chagueni njia ya upimaji inayofaa.
Kazi ya siku tatu. Posho ya siku mbili.

Sospeter alikuja na mashine ya miale kutoka Dar,
imeviringishwa blanketi, imelala siti ya dirishani kwenye treni
na yeye amesimama toka Morogoro.
Akaisimamisha juu ya miguu yake mitatu. Ikazunguka,
ikahesabu nukta milioni arobaini kabla chai haijapoa.
Kwenye skrini nyumba ikaelea, nyeupe, haina uzito,
haina harufu ya popo.

Mimi nina timazi ya marehemu baba,
donge la shaba na uzi uliokatika mara mbili ukafungwa.
Nikaining'iniza toka darini. Nikangoja itulie.
Ukuta umeinama nje vidole vitatu.
Mashine nayo ikatoa jibu: milimita hamsini na nne.
Tukapatana, na hatukuwa tumejua kitu.
Umeinama tangu lini?
Bado unakwenda, au ulichoka zamani ukapumzika?

Nikagonga kwa kongo za vidole, hatua kwa hatua.
Hapa ukaitika ndi, ndi.
Pale ukaitika kama mtungi.
Mchwa.
Mashine huona ngozi, nikasema.
Sospeter akanuna. Halafu akaja kugonga na yeye.

Chumba cha mbele amepanga Kalunde, fundi cherehani,
aliyetuvumilia mpaka saa sita.
"Nyie," akasema, pini mdomoni,
"mnapima kama mnaoshona sanda.
Aliye hai anapumua. Mimi mteja namwambia vuta pumzi,
haya, itoe,
ndipo nishike mkasi."
Mvua ikaanza kurusha matone kwenye gauni la bibi harusi.
Akainuka kufunga mlango. Mlango ukagoma.
Akauinua kwa goti, akausukuma kwa bega.
"Masika ndivyo ulivyo. Mwezi wa saba naufunga kwa kidole."

Nikainama.
Sakafuni mlango ulikuwa umechora upinde,
na ndani ya upinde, upinde mwingine,
saba, minane, kila masika na mkwaruzo wake,
ya zamani imepauka, huu wa mwaka huu
bado mwekundu.
Nikatoa rula. Nikairudisha mfukoni.
Nikapiga magoti nikaihesabu kwa kucha.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshaleta saruji, mifuko miwili,
kwa moyo mweupe, na methali yake tayari:
usipoziba ufa.
Kweli, Mwenyekiti. Ila udongo ukivishwa saruji
hutokwa jasho kwa ndani,
maji yaliyopanda kutoka chini hayaoni pa kutokea,
na ukuta utakaokuja kuujenga
ndio huo utakaokuwa umeuua kwa kuziba.
Ufa ni mdomo. Mtu hazibwi mdomo
kabla hajaulizwa.

Tukabandika vipande viwili vya kioo, vimevuka ufa,
plasta huku na huku, tarehe kwa penseli.
Kikipasuka, nyumba inatembea.
Kisipopasuka, tutangoja masika ya pili
ndipo tuamini.
Kalunde ndiye atakayekisoma. Tulimpa daftari jipya,
akalikataa; ameiandika nyumba katika lake la wateja,
kati ya Bi Sauda, kiuno thelathini na nne,
na sare ya mtoto anayerefuka kila muhula.

Fomu ya ofisi ina mstari mmoja: Njia iliyotumika.
Nafasi yake inatosha maneno matatu.
Niliandika mashine, timazi, ngumi,
nikaishiwa nafasi kabla ya mlango.
Nimeupenyeza pembeni, herufi ndogo,
nusu yake iko chini ya muhuri.