Pengo

2013 hadi 2019: karani wa bohari,
kampuni ya rangi, Barabara ya Lunga Lunga.
Hapo vidole havikwami.
Nilihesabu mikebe, nikatia sahihi, lori likaondoka.

Kisha mstari unaofuata,
na kishale kinapepesa
kama mtu anayekusubiri umalize uongo wako.

Binamu yangu Kyalo kanishauri kwa simu:
"Andika ulikuwa mshauri wa kujitegemea.
Nairobi hii, nani atauliza ulimshauri nani?"
Nikacheka. Nikaandika.
Nikafuta, herufi moja moja, kutoka nyuma,

maana nilimkumbuka niliyemshauri:
Katunge, kilo moja na gramu mia tatu,
njiti, kafungwa kifuani pangu kwa leso ya mamaye
siku arobaini na moja,
nami nalala nimeketi,
namwambia, pumua.
Pumua tena. Ehe, hivyo hivyo.

Hatukuitisha kikao, mimi na Nduku.
Nyuma ya bahasha ya bili ya stima
mshahara wake wa uuguzi ulitosha kodi na chakula;
wangu ulimlipa yaya, ukalipa nauli,
zikabaki shilingi mia sita.
Barua ya kuacha kazi niliiandika
kwa mwandiko mzuri kuliko ile ya kuiomba.

Umoja Innercore, orofa ya nne.
Maji huja Jumanne na Ijumaa, hayapandi ngazi;
huyapandisha mimi, saa kumi alfajiri,
mitungi kumi na miwili, kimyakimya,
mmoja kwa kila mkono, mtoto asiamke.
Kliniki, akina mama walinisogezea benchi,
ila muuguzi hakukosa kuuliza:
"Na mama wa mtoto yuko wapi?"
Yuko kazini, dada. Kazini kama wewe.

Nywele nilizisuka vibaya.
Mistari ilikwenda upande kama mlevi anayetafuta lango,
hadi Mama Hafsa, huko juu kwenye kamba za nguo,
akazifumua zote bila kunisimanga
akanishika vidole: huku unavuta, huku unalegeza.

Haya huandikwa chini ya kichwa gani?
Elimu? Ujuzi? Mengineyo?
Usiku ule homa ilipogonga arobaini,
kitambaa, maji ya uvuguvugu, kitambaa,
mpaka adhana ya kwanza,
nani alitia sahihi kwamba mzigo umefika salama?

Nimeandika barua ya kusindikiza wasifu:
*Kuhusu pengo la miaka sita...*
Katunge kaegemea bega langu, anasoma kwa silabi.
"Pe-ngo. Kama langu?"
Anafungua kinywa.
Jino la mbele tulilirusha jana kutoka roshani,
likatua juu ya mabati ya kibanda cha viazi.
"Baba, hapa mrija wa juisi unapita
hata nikifunga meno."
Akaenda zake kutafuta kiatu.

Basi nikaandika:
*Machi 2019 hadi Januari 2025: mlezi wa muda wote, nyumbani.
Sababu ya kuondoka: mwajiri ameingia gredi ya kwanza.*
Sentensi ya pili nikaitoa.
Nikairudisha.
Nikaitoa.

Kwa Otiato, ukurasa mmoja shilingi kumi.
Aliusoma ukitoka kwenye mashine, ungali moto,
akaweka kidole pale pale.
"Hapa nikusaidie kupabana kidogo?"
Nikamwambia, pana nafasi yake, paache.
Akabana pini kwenye kona,
akakataa ile kumi ya pili.

Narudi, nakuta mfereji wa uani unakohoa:
Ijumaa, na maji yamewahi.
Mitungi ilikuwa chini, miwili, imeshajaa,
mikono ni hii miwili.
Bahasha nikaibana kwa meno,
nikaanza ngazi.