Ramani ya Chokaa

Niliwapelekea karatasi. Wakaigeuza, wakaipindua,
wakanirudishia kwa adabu: "Nzuri, mwanangu."
Neno hilo "nzuri", kule Konde,
ni mlango unaofungwa polepole.

Kesho yake nikanunua chokaa, mifuko mitatu,
nikaomba uwanja wa mpira wa skuli,
nikaichora spitali chini, ukubwa wake wote:
kuta mistari, milango mapengo,
wodi ya wazazi ikaanzia penye goli.
Nikasema: Haya, karibuni ndani.

Bi Mchanga Asaa akavua makubadhi
mbele ya kizingiti cha unga,
akaingia kwa mguu wa kulia.
Akasimama.
"Chukulia nimeshikwa na uchungu, napita hapa.
Na wale wanaume wanaongoja kupimwa malaria
wanisindikize kwa macho mpaka kitandani?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na futikamba tu.

Faki Shaame, asiyeona tangu surua ya utotoni,
akapita na bakora yake, akihesabu:
"Hatua thelathini hadi dirisha la dawa, kona nne.
Nipe ukuta mmoja wa kuufuata. Zilobaki kaa nazo."

Na Riziki mfagiaji, ambaye hakuna aliyemuuliza,
akatua ndoo katikati ya chumba cha kujifungulia:
"Maji haya, yakishakuwa mekundu, nayamwaga wapi?"
Hata daktari wa wilaya akaangalia viatu vyake.

Tukafuta kwa nyayo, tukachora upya.
Baraza likatoka nyuma, likaja mbele, likarefuka,
kwani mgonjwa mmoja huja na watu saba
na mimi niliwawekea viti viwili.
Mlango wa wazazi ukahamia uwani, upande wa migomba.
Riziki akapata mfereji wake.
Choo kiligombaniwa hadi adhana ya adhuhuri;
mpaka leo, kwenye daftari langu,
kimezungushiwa duara na hakina mahali.

Usiku ikanyesha. Mvua ya Pemba haibishi hodi.
Asubuhi spitali yote imekuwa tui lililomwagika,
na watoto wamerudi na mpira wao wa matambara.
Nimeshika mfuko mtupu, nimenuna,
namsikia mmoja akimfokea mwenzake
aliyekuwa akiukimbilia mpira moja kwa moja:

"We! Hapo ukuta!
Zunguka, mlango uko kule."

Akazunguka.