Moyo wa Mbuzi wa Msalato

Chidawali muuza nyama aliniuliza mara mbili:
moyo tu, mwalimu? Ini hutaki? Hata figo?
Moyo tu. Usiuchane. Uuache na mirija yake.
Akaufunga kwa gazeti la juzi,
nikautia kapuni, nikakanyaga baiskeli,
upepo wa Julai ukinijaza vumbi la mnada machoni.

Maabara yetu ina meza moja
na kalenda ya duka la mbolea.
Mchoro ulikuwa tayari ubaoni,
buluu upande huu, nyekundu upande ule,
na tayari Senyagwa alikuwa ameinua mkono:
"Mwalimu, umekosea. Kulia umekuweka kushoto."
Nikamsimamisha mbele ya Mbeleje.
Mkono wake wa kulia uko upande gani wa macho yako?
"Kushoto."
Basi. Na huyu mbuzi anakutazama.

Husemwa moyo wa mwenzio ni msitu wa giza.
Tuliupasua kwa wembe mpya. Hapakuwa na msitu.
Palikuwa na vyumba vinne:
viwili vya kupokea, juu, kuta nyembamba kama sikio,
viwili vya kusukuma, chini.
Palikuwa na donge la damu, jeusi, laini,
kama zabibu iliyosahauliwa shambani Makutupora.
Na vali, utando mweupe ulioshikwa kwa nyuzi.
"Kama mwavuli," alisema mmoja.
Nikaibinya kwa chini na maji ya bomba la sindano.
Mlango ukajifunga.
Wale wa nyuma wakapanda juu ya viti.

"Mbona ukuta wa kushoto ni mnene hivi?"
Kwa sababu wa kulia ni jirani na mapafu:
huvuka ua tu, huomba hewa, hurudi.
Wa kushoto ana safari.
Utosini. Figoni. Kwenye kidole cha mguu
ulichojikwaa nacho leo mlangoni pa bweni.
Damu hutoka na kishindo kwa aota,
njia hugawanyika, hugawanyika tena,
mpaka inabaki kapilari, nyembamba hivi
kwamba chembe nyekundu hupita mojamoja
kama ng'ombe kwenye josho.
Hapo mzigo hushushwa. Hapo taka hupakiwa.
Halafu vena: polepole, kupanda, bila kishindo,
na vali ndogondogo njiani zinazosema
hapana, kurudi nyuma hapana.

"Kupanda bila pampu?" Mbeleje hakukubali.
Nikamwambia atembee, ashike mashavu ya miguu yake.
Hiyo nyama inayokaza, ndiyo inayobinya.
Akatembea hadi dirishani na kurudi,
akakaa kimya.
Kwao ni Bahi. Korongo lao kiangazi ni mchanga mtupu,
lakini mama yake huchimba kwa kibuyu
kina cha mkono mmoja, halafu husubiri,
na maji huja, kutoka asipokuona.
Akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono.
"Yapo," alisema. Kisha akaanza kuhesabu.
Themanini na mbili.

Saa kumi na moja nilitafuta pa kuutupa.
"Kutupa?" walisema, kwa sauti moja,
sauti ambayo sijawahi kuipata nikiuliza kazi za plazma.
Wakauosha maji matatu,
wakaomba makaa na chumvi jikoni kwa mama Mchiwa,
wakaukata vipande thelathini na kimoja,
vingine vikubwa kama punje ya mtama.
"Mgumu," alilalamika Senyagwa.
Nyama isiyolala hata usiku mmoja
tangu mbuzi alipokuwa tumboni mwa mamaye, nilisema,
ulitaka iwe laini?

Chuma chake usiku huu kitakuwa kimeingia ndani yao,
kitapita mlango wa kulia, kitaombewa hewa,
kitaondoka na kushoto.

Mimi nilipewa kipande chenye nyuzi.
Nilikitafuna njia nzima nikirudi nyumbani,
upepo usoni, mlima wa mwisho ukinikataa,
na mwenzake, kifuani, akiongeza mwendo
bila kuniuliza.