Maandishi ya Chini

Kazi yangu ilikuwa mstari ule mweupe
unaopita miguuni pa watu wanaosema.
Dadi Nambunga alinilipa gunia moja la korosho,
nusu kabla, nusu mnada ukifunguliwa,
na mnada wa mwaka ule mnaujua wenyewe.

Kamera ilikuwa ya harusi.
Ilizoea keki, shela na bahasha;
ukiielekeza shambani, ilimtafuta bibi harusi.
Maikrofoni tuliifunga kwenye mpini wa fagio,
na jogoo wa Mkunya akacheza filamu nzima bila mkataba.

Dadi alisema: Kimakonde, mwanzo mpaka mwisho.
Mwenye kibanda cha video pale stendi ya Newala akacheka:
"Wahindi wanalia humu miaka thelathini,
Wachina wanaruka juu ya mapaa,
na watu wangu wanalipa. Nani atoe mia tatu
kusikia anachosikia bure kwa mama mkwe?"

Somoe Chitanda, muuza ming'oko,
ndiye aliyeigiza mke.
Tulimsomea mswada mara moja.
Akasema, "Huyu mwanamke hasemi hivi,"
akatuambia anasemaje.

Tukampeleka ukingoni, karibu na Shimo la Mungu,
ndoo kichwani, bonde la Ruvuma buluu huko chini,
apande kama walivyopanda bibi zake
enzi zile maji yakikaa bondeni na watu juu.
Akapanda mara sita.
Mara ya saba, kwa jambo lisilokuwemo kwenye karatasi,
akaitua ndoo, akaitazama, akaiambia:
"Medi."
Basi. Akajitwika, akaenda zake.

Usiku ule nikakaa na kompyuta.
Nikaandika: Maji.
Nikafuta.
Nikaandika: Ee maji. Nikaona aibu.
Nikaandika: Maji, mmenimaliza. Hapo nikakumbuka
nilivyochapwa darasa la pili kwa neno hilihili.
Nilinyoosha mkono kuomba kunywa, likanitoka la nyumbani,
mwalimu akauliza nani kamleta mtu wa porini.
Tangu siku hiyo Kiswahili changu ni safi
kama sahani ya wageni.
Nakipenda, nisisingiziwe. Ndicho ninachoandikia hapa.
Lakini kiu yangu ya kwanza haikukijua.

Nikauacha mstari mtupu.

Jumamosi ya kwanza kibanda kilijaa hadi dirishani.
Watu walicheka kabla maandishi yangu hayajafika;
ndiyo mara ya kwanza nafurahi kuchelewa kazini.
Bi mmoja wa Kitangari akamjibu Somoe kwenye kioo,
akamwambia mume kama huyo ni wa kumwacha,
akakasirika Somoe alipoendelea kumpikia.
Nyuma mtu akanung'unika, "Hicho Kimakonde cha Mahuta, si chetu."
Wakamzomea. Hakukosea sana.
Mwenye kibanda alihesabu mia tatu zake mara mbili,
akauliza ya pili inatoka lini.

Sasa Mahuta wana yao, imejaa wachawi kupita kiasi.
Masasi wametoa ya Kiyao, na sauti yake,
inaniuma kusema, inasikika kuliko yetu.
Ruangwa wanauza ya Kimwera kwenye kadi za simu,
meza moja na mishikaki.
Si zote nzuri. Tatu nimeshindwa kuzimaliza.
Majogoo wamo katika zote.

Mwezi uliopita ya kwetu ilifika Lindi mjini,
ukumbini, viti vya plastiki, watu wa kila kabila.
Somoe akatua ndoo, akasema lile neno,
na chini yake weusi mtupu.
Kijana akapaza sauti: "Kasemaje? Mbona hamkuandika?"
Nesi mmoja, sare yake bado mwilini,
akajibu kutoka mstari wa tatu:
"Kasema maji."
Kimya kidogo.
"Hapana," akasema. "Ngoja."

Tukangoja, ukumbi mzima, tunamtazama yeye.
Somoe alikwishafika mbali mlimani.